Picha Arobaini za Giza

Nianzie kwenye ile nondo, maana wengi wanasema ndiyo iliyoanza. Mimi najua kilichoanza ni mdomo wangu, lakini huko nitafika, mzee usimharakishe.

Ilikuwa nondo nene ya nguzo, urefu wa mkono wa mtu mzima, na aliyeishika ni mjukuu wangu wa kiume. Kazi yake kukunja vyuma vya zege, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Nondo, hata marehemu mama yake alimwita hivyo. Alipanda ngazi za kwenda kwenye paa tatu tatu. Mimi nyuma yake na goti langu bovu namwita, na yeye hasikii. Hasira ikishampanda yule, masikio yanaziba kama ameingia maji.

Juu kulikuwa na watu wawili. Wa kwanza dada yake, mpiga eksirei wa hospitali. Huyo namwita mke wangu na yeye ananiita mume wangu tangu hajaota meno, utani wetu wa babu na mjukuu. Wa pili ni yule aliyeninyang'anya mke, fundi miwani wa barabara ya pili. Sisi tulimwita Miwani, jina likaishia hapo. Mtu mwembamba, mpole, ukimpiga kofi anakuuliza kama mkono haujakuuma. Na hilo si mfano. Wiki moja nyuma Nondo alimfuata dukani akamzaba kofi mbele ya wateja, kioo kikaanguka kikapasuka, na Miwani akainama kuokota vipande.

"Kaka, angalia usikanyage," alimwambia.

Sasa utauliza kwa nini Nondo amchukie kiasi hicho. Baba yao alikufa wakiwa wadogo. Nondo akaacha shule, akakunja vyuma, akamsomesha dada yake mpaka akavaa koti jeupe. Akilini mwake aliona amelea almasi. Halafu anakuja mtu wa kuuza fremu, tena usiku hakai ndani kama watu, yuko nje anakodolea mbingu. Alisema dada yake hataolewa na kichaa. Na mwenye neno la mwisho ni yeye, ndiye baba wa nyumba. Wazee wa Miwani walikuwa waje kuleta posa Jumamosi. Hii ilikuwa Jumatano.

Walivyopendana hawa mimi nilikuwepo. Mke wangu alikwenda kubadilisha lenzi ya miwani yangu, akamkuta Miwani amefungua darubini juu ya meza, bomba jeupe si refu kuliko mkono wangu, kioo kimoja kikubwa mbele. Akamuuliza anaona nini na kidude hicho. Akajibiwa haoni kitu, anapiga picha. Mwingine angecheka. Yeye kazi yake ni kupiga picha za vitu ambavyo jicho halioni, basi akavuta kiti. Mimi nikasimama pale na miwani isiyo na lenzi, dunia yote ukungu, lakini hata kwenye ukungu ule niliona wanavyotazamana. Miwani alikuwa akieleza, anasahau neno, anamtazama, neno linarudi likiwa jingine.

Wakahitaji mahali pasipo na taa za barabarani, na paa letu ni la saruji, tambarare, nyuma ni makaburi tu. Nikakubali kwa sharti kwamba nikae nao. Miaka thelathini nilikuwa mlinzi wa ghala, nikasema ngoja nilinde na hili. Shule mimi niliishia kwenye geti, lakini nyota nazijua kwa kazi. Zile tatu zilizojipanga mstari ndizo zilikuwa saa yangu. Zikifika juu ya bomba la kiwanda, zamu inakaribia kwisha. Miwani akaniambia, Babu, chini ya hizo tatu zako kuna wingu, tena lina rangi, hujawahi kuliona kwa sababu jicho halina subira. Nikamwambia nimekaa chini ya kitu hicho miaka thelathini, leo wewe ndiyo unitambulishe.

Kazi yenyewe ni ya uvumilivu mpaka inakera. Kwanza miguu mitatu isimame sawasawa, apime kama fundi mwashi. Juu yake kuna kimashine kinachozunguka polepole, unakielekeza sehemu ambayo mbingu yote inaizunguka, ili darubini ifuate nyota zisimponyoke. Kamera anaifunga nyuma ya bomba. Halafu anatafuta nyota moja kali, anazungusha pete kidogo kidogo, inakuwa donge, inakuwa punje, mpaka inakuwa ncha ya sindano. Hapo ukiigusa pete mnagombana. Picha moja inachukua nusu dakika, na anataka mia. Nyumbani kompyuta inazilaza moja juu ya nyingine mpaka lile wingu linajitokeza.

Muda wote huo hawashi taa ya kawaida, macho yataharibika, yasahau giza. Anavaa kichwani kitaa chekundu, maana chekundu hakiliumizi jicho. Nilielezwa hilo kwa kinywa chake. Kwamba sikujua, siwezi kusema.

Basi Jumatano hiyo wamefikisha picha mia, nikawaambia nateremka mara moja, mzee ana haja zake. Haja za mzee hazina haraka, ikapita kama nusu saa, na ninatoka tu nikamkuta Nondo ndiyo anaingia, vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Akaniuliza dada yuko wapi. Hapo ningejibu yuko juu, basi, tungelala salama. Lakini mdomo wangu haujui kukaa bila mzaha.

"Yuko juu na bwana wake," nikasema. "Wamewasha taa nyekundu, mimi mume nimefukuzwa."

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kumbe kule kazini mchana kutwa wenzake walikuwa wanamchoma. Wanamuuliza siku hizi paa lenu linauza nini, mbona linawaka nyekundu kama baa. Alivumilia akijiambia ni maneno ya watu. Sasa babu yake mwenyewe amemthibitishia. Nikaona uso wake unabadilika. Nikaanza kusema natania, lakini alishaichukua nondo pale pembeni mwa mlango na yuko ngazi ya tano.

Nilipofika juu, stendi ya darubini ilikuwa imeshapigwa teke. Miwani alikuwa ameanguka kifudifudi amekumbatia bomba. Yaani alilidaka kabla ya kujidaka mwenyewe, viwiko vimechunika. Mke wangu amevaa koti la Miwani, kulikuwa na baridi. Koti lile lilimaliza kila kitu. Nondo akalinyakua lile bomba na kamera ikining'inia nyuma yake.

"Nionyeshe picha za dada yangu," akasema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Miwani akamwambia hakuna picha ya mtu humo, ni za mbingu, akamwonyesha kitufe cha kurudi nyuma. Nondo akabonyeza. Nyeusi. Akabonyeza tena. Nyeusi. Tena, tena. Mimi natweta pale mlangoni nahesabu vidole vyake, na kila akibonyeza kile kioo kidogo kinatoa giza jipya.

"Umezifuta."

"Sijafuta kaka. Nimefunika kioo mbele ndiyo maana ni nyeusi."

"Nani anapiga picha amefunika?"

Na swali lenyewe, tuwe wakweli, ni la haki. Hata mimi nilipoona hivyo mara ya kwanza nilicheka. Ila ndiyo kazi ilivyo. Ukimaliza picha za nyota unaweka kifuniko, unapiga nyingine arobaini za giza tupu. Laiti angebonyeza mpaka mwisho. Aliachia kidole picha za giza zikiwa zimebaki mbili, tatu, baada ya hapo angekutana na nyota. Lakini alikuwa ameshaona alichokuja kukiona.

Akalitupa bomba kwenye sakafu, akainua nondo kuliponda. Miwani akajitupa juu yake. Nasema tena, juu ya darubini, kichwa chake akakiacha wazi. Nondo ikatua kwenye mkono wa kulia, na mlio ule bado ninao, kama mtu amevunja muwa mkavu gotini. Hakupiga kelele. Alivuta pumzi ndani tu, ndefu, ikawa haitoki.

Pigo la pili likamkosa likapata mdomo wa bomba, cheche zikaruka. La tatu mimi nilikuwa nimeshamrukia Nondo mgongoni, mzee wa miaka sabini na ushee nang'ang'ania kama kupe. Akanipukuta, nikaangukia tako. Nondo ikamtoka mkononi, akaendelea na ngumi. Ya kwanza mbavuni. Ya pili akaituma usoni kwa uzito wa mwili wote, Miwani akainamisha kichwa, ngumi ikatua kwenye kile kitaa chekundu. Kikapasuka. Giza. Nikasikia Nondo anatoa sauti ambayo sijaisikia tangu alipokuwa mtoto.

Halafu nikasikia chuma kinaburuzwa kwenye saruji.

Alikuwa mke wangu. Ameiokota ile nondo. Akampiga kaka yake begani, pigo moja la mtu anayejua mifupa imekaa wapi, Nondo akapiga magoti. Akaiinua tena. Kwa mwanga wa nyota niliona chuma kimesimama juu ya kichwa cha mtu aliyemlea, na mkono wake hautetemeki.

"Mimi ndiye uliyekuja kumtetea," akamwambia. "Basi nitazame. Mimi huyu ndiye nitakayekuua."

"Usimpige," Miwani akasema kutoka chini. Damu ilikuwa inamwingia machoni, bado anaomba. "Ukimpiga tutakuwa wote tumempoteza."

Mke wangu alikaa hivyo, chuma juu. Mwishowe akaitupa nondo ng'ambo ya ukuta, tukaisikia ikigonga chini uani. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa cha Miwani kifuani nazuia damu. Pumzi zilipomrudia kitu cha kwanza alichoomba ni nilichukue bomba, nisiitoe kamera, nisiiguse pete. Nikavua shati nikalifunga kama mtoto mchanga. Hivyo ndivyo tulivyokwenda hospitali, wote wanne. Anayevuja damu mbele, aliyeimwaga nyuma, na mimi katikati na fulana yenye damu nimebeba kichanga cha chuma.

Zamu haikuwa yake, lakini mwenzake alikuwa peke yake, basi mke wangu akavaa aproni yake nzito ya kukinga mionzi akaingia kazini. Sisi tukapangwa kwenye benchi moja. Mkono wa Nondo ulikuwa umevimba kama andazi. Ukikaa katikati ya aliyepiga na aliyepigwa unajifunza kutazama ukuta.

Mke wangu alitoka kumchukua Miwani, akamuuliza kaka yake kitu kimoja tu, nani alimwambia habari za taa.

"Babu," Nondo akasema.

Akanigeukia. "Kweli, Babu?"

Sio mume wangu. Babu. Miaka ishirini na sita sijawahi kuitwa hivyo na kinywa kile. Nikamwambia kweli, nilitania. Akanitazama kama anatazama mfupa kutafuta ufa, halafu akaingia na Miwani, mlango ukafungwa.

Mkono wa Miwani ulikuwa umevunjika mara mbili. Walipomfunga plasta walisimama pale koridoni, na mimi nilijifanya nimelala, mlinzi mzima. Mke wangu alimfuta damu iliyoganda kwenye nyusi kwa kidole gumba, polepole, na Miwani alifumba macho akauegemea ule mkono, kidogo tu, kama mtu anayeonja kitu anachojua hatakula.

"Jumamosi wazee wangu hawaji," akasema. "Nakutaka, Mungu anajua ninavyokutaka. Lakini sitaki kuzaa watoto ambao mjomba akipita wanajificha chini ya kitanda."

Mke wangu hakumbembeleza. Alimwambia basi aende, ila ile picha ataimaliza yeye, maana katika kazi yake hajawahi kuacha picha nusu. Miwani akaondoka na mkono wake kifuani. Mke wangu aliutazama ule mlango mpaka uliacha kuyumba, akajifuta uso kwa kiwiko, akamwita kaka yake ndani. Nikawafuata.

Akampiga eksirei ya ule mkono uliovimba, akaibandika kwenye taa ya ukutani. Mfupa wa chini ya kidole kidogo umekatika na kupinda.

"Hii nayo nyeusi," akamwambia. "Utasema nimeifuta?"

Akaninyooshea mkono.

"Leta hiyo kamera, Babu."

Nikafungua shati, akaiwasha, akamwekea kaka yake mbele. Akamwambia abonyeze, safari hii asichoke. Akabonyeza kwa mkono wa kushoto. Nyeusi. Nyeusi. Alikuwa anazihesabu kwa midomo. Arobaini. Ya arobaini na moja ikaja na nyota, nyingi, ncha za sindano, na katikati yake kitu kama pumzi ya mtu kwenye kioo siku ya baridi, chekundu kwa mbali. Lile wingu. Miaka thelathini tumelindana, na ndiyo kwanza naliona uso.

Nondo akabonyeza ya pili, ya tano, ya ishirini. Wingu lile lile. Alikuwa anamtafuta dada yake na dada yake hayumo.

Akauliza zile nyeusi zilikuwa za nini. Akaelezwa kwamba kila kamera ina uchafu wake, inaona vidoa hata mahali pasipo na kitu, sasa unaifunika uone inaona nini gizani, ili kompyuta ijue kipi ni cha mbingu na kipi ni cha kamera yenyewe. Nondo alikaa akiutazama mkono wake pale ukutani. Machozi yalimtoka yakachora mistari kwenye lile vumbi la saruji, na hakuna aliyemfuta.

Alfajiri nikamkuta mke wangu juu ya paa. Bomba lilikuwa limebonyea mdomoni, lakini kile kifuniko, kile kile cha kuletea balaa, ndicho kilichopokea chuma. Kioo kizima. Zilibaki picha nyeupe, nazo ni lazima. Unatandaza kitambaa cheupe mbele ya kioo wakati mbingu inapambazuka, unapiga ishirini, ndipo vumbi la kwenye kioo linaonekana na kuondolewa. Kitambaa chao kilikuwa kimeoga damu.

"Babu," akasema bila kugeuka, "nipe fulana."

Nikavua. Akaigeuza geuza akitafuta pasipo na damu, akapata kipande cha mgongoni, akakivuta kikakaza. Alipopeleka mkono kwenye pete, sauti ikatoka ngazini.

"Usiiguse hiyo."

Miwani, uso umevimba, ngazi tatu chini. Alisema hakulala, alijua ataigusa tu. Na kufika pale alikuwa amempita Nondo, aliyekaa ngazi ya chini kabisa tangu tuliporudi. Nilikuwa nimewasikia. Nondo alivuta magoti pembeni na kusema, "Pita, shemeji." Miwani hakuitikia. Alipita mgongo umegusa ukuta.

Sasa alisimama pale pale, paani haingii. Akamwelekeza dada wa watu afanye nini, na yeye akafanya, na kati ya picha na picha walikuwa wanatazamana mpaka mimi nikawa nahesabu kwa niaba yao. Ya kumi na tisa ikaenda. Ya ishirini.

"Wazee wangu nitawaambia waje," akasema. "Lakini ile nondo niikute imekunjwa. Akunje mwenyewe."

Alisema kwa sauti ya kufika chini. Halafu uani tukasikia chuma kinaburuzwa, kikaingizwa kwenye vigingi vyake vya kukunjia. Mkono mmoja, wa kushoto, na bega lililopigwa. Nondo ile ya nguzo mtu mzima anaikunja kwa mikono miwili. Tulisikia anavuta, anaguna, chuma kinateleza, anaanza upya. Miwani alipanda ngazi moja. Chuma kikalia tena, safari hii kirefu. Akapanda ya pili.

Mimi niko kifua wazi, meno yanagongana. Mke wangu akaitoa fulana kwenye bomba, akaikung'uta, akanivalisha mwenyewe kichwani kama mtoto, ile damu ikarudi kifuani pangu mahali pake.

"Vaa," akasema, "utakufa na baridi, mume wangu."